Matokeo ya damu yamejaa L na H, na nina mimba ya wiki 26: niogope?

Swali: Daktari, habari ya kazi. Nina miaka 27, naishi Umoja, hii ni mimba yangu ya kwanza na niko wiki ya 26. Siumwi popote na mtoto anacheza vizuri. Bima ya kazini hulipia vipimo, kwa hiyo wiki iliyopita nilipita maabara moja ya mjini nikapimwa kila kitu. Matokeo yaliletwa kwenye simu usiku: HGB 10.7 L, HCT 32.1 L, WBC 12.9 H, neutrofili asilimia 77 H, PLT 138 L, ESR 46 H, kreatinini 43 L, ALP 136 H. Sikulala. Asubuhi nilimwonyesha dada wa duka la dawa, akasema nina maambukizi kwenye damu, akaniuzia antibayotiki za siku saba. Sijaanza kuzimeza. Mama mkwe naye anasema damu imeisha, ninywe juisi ya bitiruti. Vidonge vya damu vya kliniki vinanichefua, kwa hiyo namezea siku ninazojisikia. Chai siwezi kukosa, na siku hizi nakula odowa sana, yale mawe laini ya udongo. Je, nitaongezewa damu? Na figo zangu ziko salama? Nimeambatisha picha ya karatasi na ya ukurasa wa kijitabu cha kliniki.

Jibu: Mama, hizo antibayotiki ziache pale pale zilipo. Huna homa, mkojo haukuchomi, tumbo haliumi, na namba iliyomtisha dada wa duka la dawa, ile WBC ya chembe nyeupe za damu, ni namba ya kawaida ya mwanamke mwenye mimba ya wiki 26. Kati ya herufi nane ulizobandikiwa, tano haziniambii lolote zaidi ya kwamba wewe ni mjamzito. Moja nitaomba irudiwe. Mbili zilizobaki, HGB na HCT, ni jambo moja lililoandikwa mara mbili, na hilo ndilo nitakalokaa nalo kwa muda mrefu, pamoja na namba nyingine mbili zilizo kwenye picha yako ambazo hukunitajia kwa sababu hazikuwekewa herufi yoyote.

Herufi hizo haziandikwi na daktari. Mashine ya maabara imewekewa kiwango cha chini na cha juu kwa kila kipimo, na namba ikiangukia nje, L au H inajibandika yenyewe. Viwango hivyo hupatikana kwa kupima watu wazima wenye afya, kwa kawaida wasio na mimba, kisha kuchukua eneo wanamoangukia 95 kati ya kila 100. Maana yake hata kati ya wazima hao hao, watano watapewa herufi bila ya ugonjwa wowote. Ukipimwa vitu ishirini kwa mkupuo, kama ulivyopimwa wewe, kutoka na herufi moja au mbili si ajabu. Halafu nimekuza picha yako nikasoma juu kabisa: umeandikwa F, miaka 27. Sehemu ya wiki za mimba iko wazi. Mashine haikujua kama kuna mtu mwingine ndani. Ilikulinganisha na dada yako ambaye hana mimba, ikashangaa kwamba hamfanani.

Sasa himoglobini, ile HGB. Tangu wiki za mwanzo mwili wako umekuwa ukiongeza maji ya damu, yale majimaji ya manjano yanayobeba chembe. Kufikia miezi mitatu ya mwisho yatakuwa yameongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, yaani zaidi ya lita moja. Chembe nyekundu nazo huongezeka, lakini kwa asilimia 20 hadi 30 tu. Wageni wakikuingilia ghafla na maharagwe yako jikoni, utatia maji vikombe viwili na maharagwe konzi moja. Maharagwe yamezidi yale ya mwanzo, ila kila bakuli sasa lina machache. Himoglobini hupimwa kwa bakuli, haipimwi kwa sufuria. Mwanamke aliyeanza mimba na 13.0 anaweza kujikuta na 11.7 hivi bila kupoteza hata tone, huku chembe zake zote kwa jumla zikiwa nyingi kuliko alivyokuwa msichana. HCT, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, hushuka pamoja nayo kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo maana nimesema ni jambo moja.

Wala hilo si hitilafu. Damu nyepesi hupita vizuri kwenye kondo la nyuma, na siku ya kujifungua, mama akipoteza nusu lita, jambo la kawaida, anakuwa amepoteza damu iliyokwisha kutiwa maji. Mimi mama wa wiki 32 akiniletea himoglobini ya 15 humpima presha mara mbili, kwa sababu damu iliyokataa kuongezeka maji wakati mwingine huandamana na kifafa cha mimba au mtoto asiyekua sawasawa. Jirani akijivunia damu nyingi mwezi wa nane, usimwonee wivu.

Mpaka uko wapi basi? Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kwa mjamzito kuanzia chini ya 11.0 katika miezi mitatu ya kwanza na ile ya mwisho, na chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya kati. Wiki ya 26 bado ni ya kati. Kwa 10.7 ungeonekana umepita.

Ila unaishi Umoja, huishi Likoni kule Mombasa, kando ya bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na mwili wa mkazi wa hapa hutengeneza chembe nyekundu zaidi ili apate oksijeni ya kumtosha. Kwa hiyo namba ya mtu wa Nairobi hupunguzwa kwanza ndipo ilinganishwe na hiyo mipaka. Mwongozo wa zamani ulitoa karibu nusu gramu kwa mwinuko huu. Ule wa 2024 unatoa gramu 1.1. Yako ikifanyiwa hesabu hiyo inashuka chini ya 10. Ni nadra kumwona mtu akitoa hesabu hii kliniki asubuhi ya foleni ndefu, na simlaumu mtu, lakini ukweli ni kwamba 10.7 ya Nairobi na 10.7 ya Mombasa si ndugu.

Namba moja pekee isingenitosha kusema hivyo. Ndiyo nikatafuta kwenye picha. Mstari wa tano: MCV 79.2, kiwango 76 hadi 96, hakuna herufi. Mistari michache chini: RDW 15.6, kiwango 11 hadi 16, hakuna herufi. MCV ni ukubwa wa chembe nyekundu, na katika mimba yenye chuma cha kutosha ukubwa huo hupanda kidogo. Wako uko karibu na sakafu. RDW huonyesha kama chembe zinalingana. Ya kwako iko karibu na dari, yaani mwili unatoa kubwa na ndogo kwa pamoja, kama fundi anayeishiwa na saruji akaanza kufyatua matofali membamba. Damu iliyotiwa maji tu hushuka himoglobini huku chembe zikibaki na ukubwa wake. Zako zinapungua ukubwa. Mashine haikuona kitu kwa sababu kila namba, ikisimama peke yake, bado iko ndani ya mstari.

Na ukaongeza odowa. Nikiuliza kliniki nani anakula odowa, kwanza kila mtu hutazama chini. Kisha mmoja hucheka, mwingine naye, na mikoba inafunguliwa: vipande vya kijivu kwenye karatasi iliyokunjwa kunjwa, vinavyobanwa shavuni mpaka viyeyuke, na harufu ile ya vumbi lililoguswa na mvua ya kwanza. Sokoni Muthurwa wauzaji hawaulizi unanunulia nani. Hamu ya udongo, mawe laini, barafu au unga mbichi mara nyingi ni mwili unaolia chuma. Kwa bahati mbaya odowa yenyewe haiupi mwili huo chuma, inaweza hata kuzuia kile unachokula kisifyonzwe, na udongo usiojulikana ulikotoka unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini mabaya kama risasi. Sikukemei. Hamu hii haiondoki kwa kukemewa. Hupungua yenyewe chuma kikirudi, mara nyingi kabla hata himoglobini haijapanda, na wanawake huniambia walishtukia tu kipande kimekaa mkobani wiki nzima.

Kinachobaki ni kuthibitisha, na kipimo cha kuthibitisha kinaitwa feritini, akiba ya chuma mwilini. Mwombe daktari wa kliniki yako akuandikie. Kwa mjamzito, chini ya 30 mimi huhesabu akiba imekwisha au iko mlangoni. Ipimwe ukiwa huna mafua wala homa, maana feritini hupanda mtu akiwa na maambukizi na inaweza kukudanganya. Ikitoka juu na chembe bado ni ndogo, tutaangalia kama umerithi aina ya himoglobini inayofanya chembe ziwe ndogo tangu kuzaliwa, jambo ambalo si geni kwa watu wenye asili ya Pwani au magharibi mwa Kenya. Hapo ndipo pia tungetafuta chembe za selimundu, kama hujawahi kupimwa.

Ila sitaki ungoje feritini ndipo uanze kumeza vidonge. Kidonge cha kliniki kina miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki, na hicho kimoja kwa siku ni cha kulinda. Damu ikishashuka, kinachoshauriwa ni miligramu 120 kwa siku mpaka irudi, kisha unashuka tena kwenye kimoja. Mwonyeshe nesi wako karatasi hii akupangie, usijiongezee mwenyewe kutoka dukani. Kuhusu kichefuchefu: meza usiku unapokwenda kulala, saa mbili hivi baada ya chakula, kwa maji ya chungwa au maji yaliyokamuliwa ndimu. Utalala kabla tumbo halijagundua. Choo kitakuwa cheusi, nacho ni chuma kisichofyonzwa, si damu. Ukifunga choo, ongeza maji, papai na mboga. Na usimeze pamoja na dawa ya kiungulia.

Halafu chai. Najua ninazungumza na mtu wa Nairobi, kwa hiyo sitasema uache. Majani ya chai hushika chuma tumboni, maziwa nayo yana kalsiamu inayokizuia, na sisi tumevichemsha pamoja kwenye sufuria moja tukamwagia juu ya ndengu. Sogeza chai tu. Kunywa saa moja au mbili kabla ya chakula au baadaye, isikutane na mlo wenyewe wala na kidonge. Kwa mama anayekunywa vikombe vinne kwa siku, hilo peke yake ni dawa.

Juisi ya bitiruti ya mama mkwe haina dhambi. Mwambie asante na uinywe kama unaipenda. Ila rangi nyekundu si chuma. Kilichomo ni kidogo. Chuma kinachofyonzwa kwa urahisi kiko kwenye nyama nyekundu na omena. Maharagwe, ndengu, terere na managu vinacho pia, lakini kinahitaji kusukumwa: kamulia ndimu, kata nyanya mbichi pembeni, au kula chungwa hapo hapo. Maini ndiyo watu hukimbilia kwanza, na kweli yana chuma, lakini yana vitamini A nyingi mno ambayo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi ya mwanzo. Yasiwe chakula chako cha kila siku.

Kuongezewa damu? Hapana. Uko mbali sana na huko. Mazungumzo hayo kwa kawaida huanza chini ya 7, au mama akiwa anatoka damu, au akiwa hapumui vizuri hata ameketi. Kuna chuma cha kudungwa kwenye mshipa kwa wanaoshindwa kabisa na vidonge au waliobakiza wiki chache kujifungua. Ukivimeza vidonge vyako, yaelekea hutakihitaji. Rudia himoglobini baada ya wiki nne. Ikipanda kwa gramu moja hivi, tumegonga ndipo. Isipopanda na kweli umemeza, tutauliza maswali mengine, pamoja na minyoo. Kliniki huwa inatoa dawa ya minyoo mara moja baada ya miezi mitatu ya kwanza, angalia kwenye kijitabu chako kama ulipewa.

Sasa lile la maambukizi. Chembe nyeupe 12.9, nyingi zikiwa neutrofili. Katika mimba chembe nyeupe hupanda bila mdudu yeyote, na hadi 15 hivi huwa sina neno. Siku ya uchungu zinaweza kufika 25 na mama akawa mzima kabisa. Nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa daktari mgeni, miaka ya mwanzo mwanzo, nilimpa mama mmoja wa wiki 30 antibayotiki kwa sababu ya WBC 13.4 peke yake. Akarudi baada ya wiki moja, 13.8. Nikambadilishia kali zaidi. Aliporudi mara ya tatu akiwa na fangasi mdomoni kwa sababu ya dawa zangu, muuguzi mkuu alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole, mbele ya trei ya sindano: "Daktari, unatibu mama au unatibu karatasi?" Namba yake ilikuwa 13.6. Alijifungua salama, nayo ikashuka yenyewe wiki chache baadaye.

Kinachonifanya nizitazame chembe nyeupe kwa jicho jingine ni dalili: homa, kuchomwa na mkojo, maumivu ya mgongo upande mmoja, uchafu wenye harufu ukeni, maji yaliyovuja. Mkojo nitaupima hata bila dalili, kwa sababu maambukizi ya mkojo kwa mjamzito hujificha, lakini hupimwa kwenye mkojo wenyewe. Na nikiwa hapo hapo, ukienda tena mjini kupimwa "kila kitu", usishangae ukiongezewa kipimo cha Widali na kuambiwa una taifodi kwa 1:80. Usipokuwa na homa, Widali ya namna hiyo haithibitishi taifodi. Nimekutana na akina mama waliotibiwa taifodi mara tatu katika mimba moja bila kuwahi kuugua hata siku moja.

PLT, chembe sahani, ndizo zinazoziba mahali damu inapovuja. Kiwango cha kawaida huanzia 150. Wewe una 138. Kuanzia katikati ya mimba hushuka polepole kwa wanawake wengi, kwa sababu ya yale maji niliyoeleza na kwa sababu kondo huzitumia. Kati ya 100 na 150, kama presha ni nzuri, mkojo hauna protini na hujawahi kuwa na tatizo la kutoka damu, huwa ninafanya jambo moja: ninarudia baada ya wiki tatu au nne. Mara nyingine chembe hizi hushikamana ndani ya kichupa na mashine ikahesabu fungu zima kama moja, kwa hiyo mwombe mtu wa maabara aangalie pia kwenye darubini. Swali moja ambalo karatasi haiwezi kukuuliza: ulisafiri? Nairobi yenyewe malaria ni chache, lakini ukienda mazishi Siaya au Busia siku tatu ukarudi, chembe sahani 138 na uchovu ni sababu ya kupima malaria siku hiyo hiyo. Chini ya 100, au zikishuka haraka huku kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba au kuna maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hapo hatungoji wiki nne. Hapo unaenda hospitali usiku huo, na karatasi ya maabara mkononi.

Figo zako ziko salama kuliko zangu. Kreatinini ni taka inayochujwa na figo, na figo za mjamzito huchuja karibu mara moja na nusu ya kawaida, kwa hiyo taka inabaki kidogo. L hapo ni sifa. Nisikilize hapa hata hivyo, hasa ninyi wengine mnaosoma: kreatinini ya 85 kwa mwanamke wa kawaida haipewi herufi na maabara nyingi, ila kwa mjamzito, ikizidi 77 mimi huuliza kuna nini. Nimewahi kupokea mama aliyetulizwa kwamba "vipimo vyote ni vya kawaida" kwa sababu karatasi haikuwa na herufi hata moja, na presha yake ilikuwa 150 kwa 100. Herufi zisizokuwapo zinaweza kudanganya kama zile zilizopo.

ALP ni kimeng'enya ambacho kwa kawaida hupimwa pamoja na vipimo vya ini, lakini 136 yako inatoka kwenye kondo. Katika miezi mitatu ya mwisho inaweza kufika mara mbili au tatu ya kiwango na ini likawa zima. Vipimo vya ini vinavyonishughulisha ni ALT na AST, ambavyo mimba haivipandishi, na vyako viko chini. Ukianza kuwashwa viganja na nyayo, hasa usiku, bila vipele, niambie, maana hilo ni jambo jingine. ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kuzama ndani ya kichupa, hupanda kwa kila mjamzito na haitusaidii chochote. Bima yako imelipia bure.

Kuna kipimo kimoja cha sukari ambacho sikukiona. Sukari uliyopimwa kabla ya kula ni 4.6, nzuri. Kwa mjamzito kisukari cha mimba huanzia 5.1 kabla ya kula, chini ya kile watu wengine huambiwa. Lakini wiki ya 24 hadi 28 ndio wakati wa kile kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa mara tatu: isifike 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, wala 8.5 baada ya saa mbili. Kama mzazi wako ana kisukari, au ulianza mimba ukiwa na uzito mkubwa, omba kipimo hicho wiki hizi mbili. Na ukikuta maabara imeandika sukari 83, usizimie. Ni kizio tofauti. Gawanya kwa 18 utapata 4.6 yako ile ile. Himoglobini nayo wengine huandika 107.

Kundi lako la damu ni O pozitivu, kwa hiyo hilo limekwisha. Aliye Rhesus negativu ambaye baba wa mtoto ni pozitivu au hajapimwa, asingoje siku ya kujifungua: kuna sindano ya kinga inayodungwa wiki ya 28 na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni pozitivu, na akitokwa na damu au mimba ikiharibika kabla ya hapo anaihitaji pia. Aulizie mapema, si kila hospitali huwa nayo rafuni. Kaswende, VVU na homa ya ini aina ya B ulipimwa wiki ya 12, naziona kwenye ukurasa wa kijitabu. VVU hurudiwa miezi mitatu ya mwisho, usione umeshukiwa. Ni utaratibu wa kila mama.

Kwenye ukurasa huo huo wa wiki ya 12 himoglobini yako ilikuwa 12.6. Kati ya hiyo na 10.7 sehemu ni maji na sehemu ni chuma, na feritini ndiyo itakayotuambia mgawanyo wake. Nenda maabara ile ile, damu itolewe mkononi badala ya kidoleni ili tulinganishe kitu kimoja, na kabla hujakabidhi fomu chukua kalamu uandike mwenyewe pale palipoachwa wazi: mimba, wiki 27. Matokeo yakija nitumie picha nzima, usinitumie zile zenye herufi tu.